Kulizunguka Ziwa: Safari Ndefu za Baiskeli Kutoka Kusini mwa Stockholm

Rågsved ni mtaa wa majengo ya ghorofa kwenye ukingo wa kusini wa jiji la Stockholm, kituo kimoja kabla ya Hagsätra, mwisho wa njia namba 19 ya treni ya chini ya ardhi. Anayeupa mji mgongo na kulishuka bonde hadi ziwa Magelungen huona ghorofa zikikoma ghafla. Kinachofuata ni msitu, malisho na barabara nyembamba za lami zinazopindapinda kufuata maji. Ni katika upande huu wa Stockholm ambako Wasweden walijizoeza jambo ambalo leo wanaliona la kawaida kabisa: kuondoka na baiskeli katikati ya usiku wa kiangazi, kuzunguka ziwa zima kupitia mashamba na vijiji, na kurudi walikoanzia. Desturi hiyo imepita karne moja, na ni kongwe kuliko mtaa wenyewe.

Umbo la mzunguko halikubuniwa na wapenda baiskeli, maana barabara ilikuwapo kabla yao. Sweden ina maziwa yanayokaribia 100,000, na kwa karne nyingi maji ndiyo yaliyokuwa njia kuu ya usafiri: mashua wakati wa joto, sleji juu ya barafu wakati wa baridi. Makanisa, masoko na miji ya kale ilijengwa ufukoni. Njia za nchi kavu zilipokuja kuiunganisha miji hiyo zililazimika kuufuata ufuko, na bila mtu yeyote kukusudia, kila ziwa kubwa likajikuta limezungushiwa barabara. Mälaren, ziwa la tatu kwa ukubwa nchini, linamwaga maji yake baharini katikati ya Stockholm. Kwenye kingo zake wamekaa Södertälje, Strängnäs, Eskilstuna jirani kidogo, Köping, Västerås na Enköping, miji iliyokuwa na majina tangu Zama za Kati au iliyokua baadaye kwa chuma na mifereji. Strängnäs ndiko Gustav Vasa alikochaguliwa kuwa mfalme tarehe 6 Juni 1523.

Barabara ya kale ya kwenda kusini, Göta landsväg, ilitoka Stockholm kupitia Årsta na Älvsjö hadi Huddinge, mwendo mfupi magharibi ya mahali iliposimama Rågsved ya leo. Katika karne ya 17 barabara mpya ya kwenda Södertälje kupitia Liljeholmen iliipokonya kazi. Karne hiyohiyo serikali ilianza kupima nchi. Amri ya mwaka 1649, enzi ya Malkia Kristina, iliiweka maili ya Sweden kuwa dhiraa 18,000, yaani mita 10,689, ikaagiza nguzo zisimamishwe kando ya barabara na nyumba za wageni ziwepo kwa masafa maalumu ili msafiri apate kitanda na farasi wa kubadilisha. Nguzo nyingi bado zipo. Ni vibao vya jiwe vilivyoinuliwa juu ya rundo la mawe, vikiwa na taji, herufi za jina la mfalme aliyetawala, mwaka, na tarakimu ya masafa: robo, nusu au maili nzima. Mwendesha baiskeli wa miaka ya 1890 alisoma umbali wake kwenye mawe yaliyochongwa kwa ajili ya magari ya farasi, na ilimbidi akumbuke kwamba maili hizo zilikuwa ndefu kuliko zile za kilomita 10 zilizoanza kutumika mwaka 1889.

Kulikuwa na mawe mengine madogo zaidi, na haya yanaeleza mengi kuhusu hali ya njia. Matunzo ya barabara yalikuwa wajibu wa wakulima. Kila shamba lilipewa kipande chake kulingana na thamani ya ardhi, na jiwe lenye jina la shamba au kijiji liliwekwa pale kipande kilipoanzia. Mwenye shamba alileta changarawe kwa mkokoteni wake, akaziba mashimo na kuzibua mitaro. Afisa wa serikali alipita kukagua, na mzembe alitozwa faini. Matokeo yake yalikuwa barabara ya viraka kwa maana halisi: mita mia mbili laini, mita mia zinazofuata mashimo matupu, kutegemea bidii na uwezo wa mtu mmoja. Majira ya kuchipua, barafu ya ardhini ilipoyeyuka, vipande vyote viligeuka tope. Aliyepanda baiskeli alijua amevuka mpaka wa shamba hata bila kuliona jiwe, kwa jinsi magurudumu yalivyobadili sauti.

Baiskeli yenye magurudumu mawili yanayolingana, ya mtindo wa Rover uliotoka Uingereza mwaka 1885, pamoja na tairi la hewa la Dunlop la mwaka 1888, ndizo zilizoufanya mwendo wa masafa kwenye changarawe uvumilike. Nchini Sweden chombo hicho kilianza kama anasa ya vijana wa mjini wenye mishahara mizuri. Haikuchukua muda mrefu viwanda vya ndani vikaingia. Husqvarna, kampuni iliyotokana na kiwanda cha bunduki karibu na ziwa Vättern, ilianza kutengeneza baiskeli mwaka 1896, na Monark ikaanzishwa Varberg mwaka 1908. Bei zikashuka, na baiskeli ikawafikia mafundi, walimu wa shule na vibarua. Shirikisho la taifa la mchezo wa baiskeli liliundwa mwaka 1900.

Klabu za Stockholm zilikuwa tayari zimekwishaanza mashindano ya kuzunguka Mälaren katika miaka ya 1890. Sababu ya kupenda mzunguko ilikuwa ya kiutendaji kuliko ya kimapenzi. Mbio za kutoka mji mmoja hadi mwingine zinahitaji waamuzi pande mbili, saa mbili zinazokubaliana, na nauli ya treni ya kuwarudisha watu. Mzunguko unahitaji meza moja na saa moja. Mwamuzi aliyempa mtu ruhusa ya kuondoka usiku ndiye anayempokea mchana, na nguo kavu za mshindani zinamngoja palepale. Dunia nzima ya baiskeli iliutambua uzuri huo mapema, hata Tour de France ya kwanza, mwaka 1903, ilianza na kumalizikia eneo la Paris. Lakini Wafaransa waliukata mzunguko wao vipande vya siku kwa siku. Wasweden waliukamilisha wao kwa mkupuo mmoja.

Mbio zilizoupa mzunguko wa Mälaren jina duniani zilitokana na kubomolewa kwa kiwanja. Stockholm ilipopewa Michezo ya Olimpiki ya 1912, uwanja wa zamani wa Idrottsparken, uliokuwa na njia ya mbio za baiskeli, ulivunjwa kupisha ujenzi wa Stadion mpya. Mashindano ya njia ya kiwanja yakakosa mahali, na waandaaji wakabaki na barabara peke yake. Badala ya kutafuta njia mpya walichukua ile iliyozoeleka na klabu za mji: takriban kilomita 320 kulizunguka ziwa. Hakuna mbio nyingine za baiskeli za Olimpiki, kabla ya hapo wala baadaye, zilizofikia umbali huo.

Washindani 123 walikusanyika Liljeholmen usiku wa kuamkia tarehe 7 Julai 1912. Wa kwanza aliondoka saa nane kamili usiku na wengine wakafuata mmoja mmoja kila baada ya dakika mbili, hivyo wa mwisho akaondoka wakati jua limekwisha kupanda. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, saa nane usiku ni giza totoro. Huko Stockholm mwezi Julai anga haiwi nyeusi kamwe, na mtu huweza kuliona shimo la barabara bila taa. Katika mpango huo kila mmoja alishindana na saa, na hakujua nafasi yake hadi mwisho. Nahodha wa timu hakuwa na la kuwaambia watu wake zaidi ya kuwataka wasilale njiani.

Mpango huo pia ulikuwa na bahati nasibu ndani yake. Rudolph Lewis wa Afrika Kusini, kijana aliyejulikana kwa jina la Okey, alipata nafasi ya pili kuondoka. Alikuwa na barabara tupu mbele yake na hewa iliyotulia. Waliopangiwa kuondoka alfajiri walikutana na upepo ulioanza kuvuma baadaye. Lewis alimaliza kwa saa 10, dakika 42 na sekunde 39, mwendo wa karibu kilomita 30 kwa saa juu ya changarawe. Frederick Grubb wa Uingereza alikuwa wa pili, nyuma yake kwa takriban dakika tisa, na Carl Schutte wa Marekani wa tatu. Je, Lewis angeshinda kama angeondoka alfajiri? Pengo la dakika tisa linaonyesha kwamba angalau hakushinda kwa upepo pekee.

Si wote waliofika mbali. Msweden Karl Landsberg aligongwa na gari muda mfupi tu baada ya kuanza na kuburutwa barabarani, tukio linaloonekana leo kama dalili ya mambo yaliyokuwa yakija. Wenyeji walijifariji kwa medali ya timu. Muda wa wanne bora wa kila nchi ulijumlishwa, na Erik Friborg, Ragnar Malm, Axel Persson na Algot Lönn wakaipatia Sweden dhahabu. Watu wa barabara ile walikuwa wamecheza nyumbani: walijua kilima kipi kinafuata kijiji kipi.

Liljeholmen ya siku hiyo haikuwa sehemu ya jiji. Ilikuwa ndani ya parokia ya Brännkyrka, parokia ileile iliyolimiliki eneo ambalo baadaye lingeitwa mtaa wa Rågsved, enzi hizo mashamba na msitu. Miezi sita baada ya mbio, tarehe 1 Januari 1913, Brännkyrka yote iliingizwa katika jiji la Stockholm. Kwa karatasi, mpaka wa mji ulihamia kusini hadi Huddinge. Kwa macho, ng'ombe waliendelea kulisha palepale kwa zaidi ya miaka arobaini.

Katika kipindi hicho cha kungojea, mzunguko uliwatoka washindani na kuingia mikononi mwa watu wa kawaida, na aliyefanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi ni bunge. Sheria ya mwaka 1938 iliwapa wafanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo. Watu waliokuwa hawajawahi kupata siku tatu mfululizo za kukaa bure walijikuta na kumi na nne, na fedha zao hazikutosha kununua tiketi za treni kwa familia nzima. Baiskeli walikuwa nayo. Chama cha kuhimiza baiskeli, Cykelfrämjandet, kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1934, na Chama cha Utalii cha Sweden kilikuwa kikieneza hosteli za bei nafuu mashambani katika muongo huohuo. Sheria ya mila inayomruhusu mtu yeyote kupita kwenye ardhi ya mwingine na kulala usiku mmoja bila kumsumbua mwenyewe ilikamilisha yaliyobaki. Hema moja, sufuria moja na mfuko wa kahawa vilitosha.

Jambo hili linastahili kulinganishwa na hali ya Afrika Mashariki ya wakati huo. Baiskeli ilifika huku pia, ikazoeleka haraka, lakini kwa kazi: kubeba mkaa, maziwa, ndizi, barua za serikali, na kuanzia miaka ya 1960 abiria wa mpaka wa Busia, mahali zilikoanzia boda boda. Eritrea peke yake, ambako Waitaliano walileta mashindano miaka ya 1930, ilikuza mapema utamaduni wa mbio za barabarani. Tofauti haikuwa ya chombo wala ya milima, bali ya muda. Kuzunguka ziwa kwa siku nzima ili kurudi mahali palepale kunahitaji siku ambayo mwajiri ameilipa.

Sweden haikuingia katika Vita vya Pili vya Dunia, ila mgawo wa petroli uliyafunga magari gerejini, na barabara zikabaki kwa baiskeli, huku mpira wa tairi nao ukiadimika. Mwaka 1944 serikali kuu ilichukua matunzo ya barabara za umma mashambani, wajibu wa kale wa wakulima ukiwa umekwisha. Mawe ya mashamba yakabaki kuwa kumbukumbu. Lami ikaanza kuenea.

Hapo ndipo alipotokea Gustaf Håkansson, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyezaliwa mwaka 1885. Mwaka 1951 aliomba kushiriki Sverigeloppet, mbio za kilomita 1,764 kutoka Haparanda kaskazini hadi Ystad kusini, akakataliwa kwa sababu ya umri. Aliondoka hata hivyo, akiwa na namba sifuri kifuani. Washindani rasmi walilala kila usiku kati ya hatua na hatua, naye hakubanwa na ratiba, akapanda baiskeli usiku na kulala kidogo tu. Aliingia Ystad baada ya siku 6 na saa 14, siku nzima mbele ya mshindi. Magazeti yalimwita Stålfarfar, Babu wa Chuma. Aliishi hadi miaka 101. Mbio zile hazikuwa mzunguko, lakini athari yake kwenye mzunguko ni kubwa: baada ya Håkansson haikuwezekana tena kusema kwamba masafa marefu ni ya vijana wenye leseni.

Miaka ileile Stockholm ilianza kujaza ardhi iliyoichukua mwaka 1913. Rågsved ilijengwa hasa mwishoni mwa miaka ya 1950, nyumba za kupanga zikipangwa kuzunguka kituo cha treni, na kituo chenyewe kilifunguliwa tarehe 14 Novemba 1959. Baiskeli haikuwa na nafasi kubwa katika michoro. Gari dogo la familia ndilo lililokuwa ndoto ya wakati huo, na likizo ya baiskeli ilianza kuonekana kama umaskini wa wazazi.

Ufufuo haukutoka Stockholm. Ulitoka Motala, mji wa viwanda kando ya Vättern, ziwa la pili kwa ukubwa, jembamba na refu kiasi cha kilomita 130. Mwezi Juni 1966 watu 334 waliondoka hapo kwa ajili ya mzunguko wa kwanza wa Vätternrundan, kilomita 300. Njia ilifuata ufuko wa mashariki kwenda kusini, ikapita Vadstena, mji wa watawa wa Mtakatifu Birgitta, na Gränna, maarufu kwa peremende za mistari myekundu na myeupe zilizoanza kuuzwa mwaka 1859. Jönköping ilikuwa kwenye ncha ya kusini, kisha njia ikarudi kaskazini kupitia Hjo na ngome ya Karlsborg. Miaka miwili ya mwanzo waendeshaji walishika kushoto kama nchi nzima. Tarehe 3 Septemba 1967 Sweden ilihamia kulia, na tangu mwaka 1968 wanaokwenda upande wa saa wamekuwa wakipita ukingo ulio karibu zaidi na maji.

Uamuzi uliolifanya tukio hilo likue ulikuwa wa kukataa kuwa mbio. Muda wa kila mtu hupimwa lakini hakuna mshindi anayetangazwa. Watu huondoka kwa vikundi vidogo, dakika chache baina ya kikundi na kikundi, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi asubuhi, na taa ni lazima kwa wanaopita usiku. Kwenye vituo njiani hugawiwa kinywaji kizito cha moto cha blåbär, tunda dogo la bluu la msituni, mikate mitamu, na matango ya chumvi ya kurudisha kile jasho lilichochukua. Tangu miaka ya mwanzo ya 1970 mzunguko huo umekuwa mojawapo ya mitihani minne ya En Svensk Klassiker, pamoja na kilomita 90 za kuteleza juu ya theluji za Vasaloppet, kilomita 3 za kuogelea mtoni Vansbro na kilomita 30 za kukimbia Lidingö. Katika miaka ya 2010 walioandikishwa walizidi 20,000. Mwaka 2020 ulifutwa kwa sababu ya korona, na ulipoanza tena njia ilibadilishwa ikawa kilomita 315, karibu sawa na ile ya Olimpiki.

Ni Vätternrundan, kuliko Olimpiki, iliyowarudisha watu wa vitongoji vya Stockholm barabarani. Mtu aliyejiandikisha kwa ajili ya mwezi Juni hana budi kuanza mazoezi mara tu changarawe ya majira ya baridi inapofagiliwa, na kwa anayekaa kusini njia ya karibu ni Ågestavägen. Inaanzia upande wa pili wa Magelungen na kuingia Huddinge, ikipita baina ya miamba, msitu na uwanja wa gofu, kwa kona fupi na vilima visivyo virefu ila vinavyochosha vikijirudia. Ndani ya mwamba mmoja ulifichwa mtambo wa nyuklia wa Ågesta, wa kwanza Sweden kutoa nishati kwa matumizi ya umma. Kuanzia mwaka 1964 hadi 1974 ulipasha joto nyumba za Farsta, mtaa jirani na Rågsved. Kutoka hapo barabara zinaendelea ndani ya rasi ya Södertörn, na anayetaka kilomita mia moja huzipata bila kuingia mjini. Bonde la Rågsved lenyewe, lililoponea chupuchupu kujengwa, jiji liliamua mwaka 2018 kulifanya hifadhi ya mazingira.

Mzunguko wa Mälaren wa mwaka 1912 haupandiki tena kwa njia ileile. Mkondo wa trafiki baina ya Stockholm, Södertälje na Eskilstuna unapita leo katika barabara kuu za E4 na E20, na upande wa kaskazini, kutoka Västerås kupitia Enköping, katika E18. Sehemu zake nyingi ni za magari peke yake na baiskeli haziruhusiwi. Barabara kongwe hazikufutwa, zilishushwa cheo tu: zinapita kando ya zile mpya zikiwa barabara za wilaya, katikati ya ngano na makanisa ya mawe, na nguzo za maili zinalindwa kisheria kama mali ya kale. Mälardalsleden, njia ya watalii wa baiskeli iliyowekewa vibao kulizunguka ziwa, inatumia barabara nyingi za aina hiyo. Kwa kukwepa barabara kuu na kufuata ghuba za ziwa, umbali wake unazidi ule alioumaliza Lewis kabla ya saa saba mchana, na wengi huugawa kwa siku kadhaa.